Futi ya fundi haionei mtu haya: jinsi ya kupima kitambi, kuijua sukari na presha, na kupunguza mwili ukiwa kwako

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona magauni ya vitenge, sare za shughuli, na suruali za wanaume wachache walionizoea. Si daktari wala nesi. Ila nina madaftari ya vipimo tangu mwaka 2003, na nilipoumwa ndipo nilipoyafungua nikaona kitu nilichokuwa nakiandika miaka yote bila kukisoma.

Yupo mteja namshonea tangu alipokuwa bibi harusi. Mwaka 2004 kiuno chake kilikuwa inchi 28. Mwaka 2009, inchi 32. Mwaka 2015, inchi 37. Mara ya mwisho kabla sijaanza kuwasumbua watu na maneno haya, inchi 43. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia kwamba amenenepa. Alichokuwa akiniambia ni, "Fundi, safari hii usinibane." Nami naachia. Ndiyo kazi yangu, kuachia.

Nguo zetu zinatuficha sana. Dera halina kiuno. Sketi ya lastiki inakwenda na mwenyewe mpaka lastiki ikatike. Wanaume nao wana ya kwao: mtu anakuja anasema, "Mimi navaa 34 tangu niko chuo." Kweli anavaa 34, lakini mkanda kaufunga chini ya kitambi. Ukipitisha futi tumboni penyewe unakuta 44. Suruali imebaki na namba yake ya ujana, tumbo limehamia ghorofani.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2016 niliweka mota kwenye cherehani; kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga kutwa. Sisemi mota ndiyo iliyoninenepesha, maana mota hailishi mtu vitumbua. Ila kufikia mwaka 2021 nilikuwa na kilo 84 kwa urefu wa futi tano na inchi tatu. Usiku naamka mara nne kwenda kukojoa. Kiu haikatiki. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi niliyokuwa naifanya huku naongea na watu, ikawa nagomba na sindano dakika nzima, nikisema ni macho ya uzee. Kijana wa duka moja la dawa akanitoboa kidole, kikasoma 9.6. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekunywa chai na mkate wa kumimina. Akasema, "Basi mama, hiyo ni ya chakula, sukari huna." Nikakaa na furaha hiyo mwaka na nusu.

Ninayoandika hapa ni yale ninayowaambia wateja wangu wanaokubali kusikiliza. Wasiokubali nawashonea tu.

Kiuno cha fundi si kiuno cha daktari

Fundi anapima pale mwili unapoingia, maana ndipo gauni linapokaa. Kwa afya unapima mahali pengine. Papasa ubavuni utafute mfupa wa mbavu wa chini kabisa. Halafu papasa juu ya nyonga utafute mfupa unaposhikia khanga ukiifunga. Katikati ya mifupa hiyo miwili ndipo futi inapopita. Wengi wetu panaangukia juu kidogo ya kitovu, lakini usiende kwa kitovu, kwa sababu tumbo likishaning'inia na kitovu kinashuka nalo.

Simama wima, miguu pamoja, mwilini khanga moja nyepesi au hata usiwe nayo. Futi ikae sawasawa mzunguko mzima, isipande mbele ikashuka nyuma. Hapo nyuma ndipo watu wengi wanapokosea, basi mwambie mwanao akuangalizie, au simama mbele ya kioo. Iguse ngozi bila kuizamisha. Pima mara mbili. Na kama futi yako ni ya kitambaa na umekaa nayo miaka, ilinganishe kwanza na rula, maana futi za kitambaa zinavutika na kukudanganya.

Sasa kuna jambo moja ambalo vitabu wanalisema kwa mkato tu: usome ukiwa umetoa pumzi ya kawaida. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijaona mtu anayepitishiwa futi asivute tumbo ndani. Wote wanavuta, wake kwa waume, hata wazee wa heshima zao. Kumwambia "achia" hakusaidii, anaachia nusu. Mimi namuuliza jina la mtoto wake wa mwisho. Akishajibu tu pumzi imetoka na tumbo limekaa pake, nasoma. Ukijipima peke yako, sema majina yako yote matatu, kisha soma.

Mwanamke akifika sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, aanze kujiangalia. Akivuka 88, karibu inchi 35, hatari ni kubwa. Mwanamume ni 94 na 102, yaani inchi 37 na 40. Hesabu hizi si za mwenye mimba, yeye afuate kliniki yake.

Asiye na futi achukue utepe au uzi wa katani. Asimame ukutani bila viatu, apimwe urefu wake kwa ule uzi kutoka kisiginoni mpaka utosini, ukatwe hapo. Aukunje mara mbili. Uzi uliokunjwa auzungushe kiunoni. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, ile nafasi iliyobaki ndiyo kazi aliyonayo. Kiuno kisizidi nusu ya urefu, basi. Mimi nusu ya urefu wangu ni inchi 31 na nusu, na kiuno kilikuwa 39. Ile nafasi iliyobaki ilikuwa pana kuliko kiganja changu kilichofunguliwa vidole.

Mizani nayo itumie, lakini mizani haijui kilo zako zimekaa wapi. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana fujo sana. Ya tumboni ndiyo mabaya, kwa sababu mengine yanakaa ndani kabisa, yanazunguka utumbo na kuingia kwenye ini. Daktari alinieleza kwa mfano nikauelewa: kongosho inatoa insulini, insulini inapita kwenye misuli na ini kupiga hodi ili sukari iliyoko kwenye damu ikaribishwe ndani. Tumbo likishajaa mafuta, wenye nyumba hawaitikii. Kongosho inaongeza hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miaka inapita damu ikipimwa iko sawa, kumbe mpiga hodi kachoka. Siku akinyamaza, sukari inabaki nje. Huo ndio msemo wao wa kwamba mwili umekuwa sugu kwa insulini.

Katoe damu

Kiuno kikizidi, hatua ya pili ni maabara, siyo chai ya majani. Lala bila kula saa nane au zaidi, asubuhi usinywe kitu ila maji, uende ukapime sukari. Chini ya 5.6 uko salama. Kati ya 5.6 na 6.9 uko mlangoni, ingawa kliniki nyingine wanaanza kuhesabu kwenye 6.1. Kuanzia 7.0 ni kisukari, ila wakurudie siku nyingine kabla hawajakuandika, kama huna dalili. Ukipimwa umekula, kinachokuhukumu ni 11.1 pamoja na dalili kama zangu. Ile 9.6 yangu peke yake haikutosha kusema nina kisukari, ni kweli. Lakini haikutosha pia kusema sina. Jibu sahihi lilikuwa, "Mama, rudi kesho asubuhi hujala." Mashine ikikupa namba za mamia, kama 126, gawa kwa 18.

Kipo na kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, wanakiita HbA1c. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini hakikutaki ulale na njaa.

Presha pimwa umekaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na usiongee. Nimeona watu wanapimwa wamesimama kwenye kaunta, jasho linawatoka, wanabishana nauli ya bodaboda, halafu wanaambiwa wana presha. Kuanzia 130 kwa 85 jiangalie, 140 kwa 90 ikijirudia siku tofauti ni presha kweli.

Mwisho mafuta ya damu. Trigliseridi zisifike 1.7. Kolesteroli nzuri, HDL, isishuke chini ya 1.0 kwa mwanamume na 1.3 kwa mwanamke.

Hesabu basi: kiuno, sukari, presha, trigliseridi, HDL. Vitano. Vikiharibika vitatu kwa pamoja, madaktari wana jina lake refu. Mimi nasema mafiga yametimia, kilichobaki ni kuteleka chungu: kiharusi, moyo, figo, macho, na kwa wanaume lile jambo wanalokwenda kulitafutia dawa kwa waganga bila kuuliza sukari yao ni ngapi.

Mimi nilitoka na 8.4, wiki iliyofuata 7.9. Presha 152 kwa 96. Nikapewa metformini, dawa ya sukari, na dawa ya presha, nazinywa mpaka leo, na haya yote ninayoyaeleza nimeyafanya juu ya dawa. Hakuna nilichofanya badala yake.

Kilo ngapi?

Watu wanataka warudi walivyokuwa siku ya harusi. Wasijitese. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, kisukari kiliwapungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopewa metformini kilipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo sita. Kilo sita ni mfuko wa unga na kidogo juu, kila mtu anaweza kuuona kwa macho.

Wenye kisukari tayari wasikate tamaa pia. Uingereza, matokeo yaliyotoka mwaka 2017, waliokuwa nacho kwa miaka isiyozidi sita na hawajaanza sindano za insulini walipunguza mwili kwa nguvu chini ya uangalizi. Karibu nusu yao baada ya mwaka mmoja sukari ilikaa sawa bila dawa. Lakini walikuwa wanaishi kwa kalori 850 hivi kwa siku miezi kadhaa, na madaktari waliwasimamishia dawa siku ya kwanza. Ukijaribu njaa ya namna hiyo peke yako huku unameza vidonge vya kushusha sukari, utaangukia jikoni.

Dumu la mafuta

Hapa ndipo nilipokuta wizi. Nyumbani tuko wanne, watu wazima wote. Kila mwezi tulikuwa tunamaliza dumu la lita tano. Sikuwahi kuliona kuwa tatizo, kila nyumba ninayoijua inanunua dumu. Siku moja nikakaa na kalamu. Lita tano za mafuta ni kilo nne na nusu na ushee. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga ina 4. Ukipiga hesabu, dumu lina kalori zaidi ya 41,000. Gawa kwa siku 30, gawa kwa watu wanne: kila mmoja wetu alikuwa anakunywa kalori 345 za mafuta kila siku. Hiyo ni sawa na mchele mkavu gramu 100, sahani nzima ya wali, juu ya ule wali aliokwisha kula. Na nazi sijaihesabu. Hapa ni Tanga, nikisema nihesabu nazi nitafukuzwa mjini.

Fanya hivi. Siku unayofungua dumu, bandika kipande cha plasta ubavuni uandike tarehe. Usimimine kwa mdomo wa dumu hata kidogo. Toa mafuta kwenye chupa ndogo, na kutoka kwenye chupa pima kwa kijiko cha chakula: kijiko kimoja kina kalori kama 120. Mboga ya watu wanne, vijiko viwili. Kitunguu kikianza kushika chini weka maji kidogo, siyo mafuta tena. Kitaiva, na rangi itakuja kwa nyanya. Maharage na mbaazi nikiweka tui sikaangi. Kimoja, siyo vyote viwili. Samaki nikimtoa Deep Sea, soko letu la samaki, nampaka ndimu, tangawizi na pilipili, namchoma au namchemsha. Wa kukaanga tunakula Ijumaa.

Mwezi wa kwanza dumu lilikaa siku 36. Sasa linafika siku 50. Hiyo peke yake imempunguzia kila mmoja karibu kalori 140 kwa siku, na hakuna aliyelala na njaa. Mume wangu hakujua mpaka alipouliza mbona siku hizi hatumwombi hela ya mafuta.

Sukari nimeifanya vivyo hivyo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4. Mimi nilikuwa natia vitatu, tena vya kurundika, vikombe vitatu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana 25, yaani vijiko sita. Soda moja ya mililita 350 ina karibu 37. Sikuacha ghafla. Kila wiki nilitoa nusu kijiko, nikaongeza iliki na mdalasini. Wiki ya tano nilikuwa kwenye nusu kijiko, na chai ya nyumba za watu ikaanza kunikera kwa utamu.

Machungwa ya Muheza yale, usiyakamue. Chungwa moja ukilitafuna na nyuzinyuzi zake limekutosha. Glasi ya juisi inameza matatu manne, na bado utatafuta chakula.

Sinia

Sisi kwetu tunakula sinia. Napenda sinia, na sitaki mtu aliache. Lakini kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, unajua tu kwamba limekwisha. Nikaamua niwe najipakulia sahani yangu, nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali ukubwa wa ngumi yangu, robo samaki au maharage. Mboga ni rahisi, za kutoka Lushoto zinashuka soko la Mgandini kila siku.

Siku ya kwanza mama mkwe alikuwepo. Akaniangalia ninavyopakua pembeni, akanyamaza. Akanawa. Akakaa. Halafu akasema, "Mwanangu, kwani sinia langu limekukosea nini?"

"Halijanikosea, mama. Ni sukari."

"Sukari inakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua sahani yangu nikaiweka katikati ya sinia, juu ya wali wao, nikala kutoka humo huku bega langu linagusana na lake. Akaona sawa. Mpaka leo tunakula hivyo, sahani ndani ya sinia, na wageni wanafikiri ni mila ya ukoo.

La muhimu zaidi lilikuwa saa. Tulikuwa tunakula saa nne usiku, tukitoka mezani tunaingia kitandani. Nikahamisha chakula kikubwa mchana na cha usiku kikawa saa moja, chepesi. Baada ya hapo naosha vyombo kwa kusimama, natoka barazani, natembea dakika kumi au kumi na tano mtaa huu na ule. Kutembea baada ya kula kunashusha sukari, nimeliona kwa mashine yangu mwenyewe ya kidole.

Ramadhani ina mambo yake. Watu wanafunga mchana halafu kwenye futari wanakula kaimati za shira, tambi, magimbi ya nazi, kachori, na sharubati juu. Mwezi unaisha wameongeza kilo. Mimi nafuturu tende moja na maji, naswali, ndipo nakula sahani yangu. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho, kama glibenklamaidi, asifunge kabla hajaongea na daktari wake wapange dozi upya. Sukari ya kushuka inaua haraka kuliko ya kupanda. Ukitetemeka na jasho la baridi likakutoka, fungua, Mungu ni mwenye kusamehe.

Miguu

Dakika 30 kwa siku, siku tano. Mwendo ni ule ambao kuongea unaweza, kuimba qasida huwezi. Natoka baada ya alfajiri naelekea upande wa Raskazone, narudi jua halijakolea. Ukiwa na baiskeli, mji wetu ndio mji wa baiskeli, panda. Kwenye kazi za kukaa kama yangu, kila ninapobadilisha uzi nasimama, nakaa, nasimama, mara kumi, bila kushika meza. Mota nimeiacha kwa kazi za haraka. Pindo na viraka nakanyaga.

Wauza chai, na wanaokuuliza kama unaumwa

Kwenye sherehe za siku hizi hakosi mtu mwenye pochi la majani ya kukondesha. Niliyanywa wiki mbili. Nilichokonda ni maji, nilikuwa chooni kutwa, na moyo ulinienda mbio mpaka nikaogopa. Baadhi ya dawa hizi zikipimwa zinakutwa na dawa ya kuharisha, au na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya kuumiza moyo. Mkanda wa kubana tumbo nao unahamisha nyama tu. Mimi ni fundi, naijua kazi ya kubana. Sindano za kupunguza mwili zinazosifiwa mitandaoni, na puto la tumboni, vipo na vinasaidia baadhi ya watu, lakini ni vya daktari bingwa, siyo vya kuagiza kwa simu.

La pili ni midomo. Ukipungua kilo nne tu utaulizwa, "Mbona umekwisha? Una nini?" Wenye umri wangu tunajua swali hilo linatoka wapi. Miaka ya tisini kukonda kulikuwa na maana moja, na tuliwazika wengi. Ndiyo maana wanawake wengine wanaogopa kupungua kuliko wanavyoogopa kiharusi. Mimi najibu kwa namba: "Kiuno kilikuwa 39, sasa ni 37, sukari 6.4." Ukishasema namba watu wanakosa la kuongeza, halafu mmoja wao jioni anakuja dukani anataka apimwe.

Ila kama unakonda bila kujitahidi, huku unakunywa maji na kukojoa sana, huko siyo kupungua. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kidonda cha mguu kisichopona, na kifua kinachobana, na mdomo uliokwenda upande. Na ukikoroma mpaka pumzi inakatika, kisha mchana unasinzia juu ya kazi, mwambie daktari, hiyo pia ni kazi ya shingo nene.

Mimi ilinichukua miezi minane kutoka kilo 84 kufika 76. Kiuno ni inchi 35 na nusu, uzi bado ncha hazikutani. Sukari ya asubuhi inacheza kwenye 6.1 na 6.4, presha 128 kwa 82, na uzi wa sindano natunga huku naongea na watu.

Yule mteja wa inchi 43 alikuja mwezi uliopita na magauni matatu anataka yapunguzwe. Nilimpima, nikamuuliza jina la mwanawe, 39. Akasema nikate kitambaa kilichozidi, hataki kukiona tena. Nikamkatalia. Mwili unapenda kurudi, na wengi wanarudi. Nimeshona kwa ndani, nimeacha inchi mbili kila upande, nikamwambia aje nimpime kila tarehe moja. Ikipanda inchi moja tunarudi kwenye dumu la mafuta, kabla sijafumua mshono.